Kibali Kinachokoma Mpakani

Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina sheria zake kuhusu bastola. Kwa mhamiaji, kuvuka daraja moja bila kuuliza kunaweza kumpotezea nchi nzima.

Oktoba 2013, Shaneen Allen alikuwa akiendesha gari kwenye barabara kuu ya Atlantic City, katika jimbo la New Jersey. Alikuwa na umri wa miaka 27, mama wa watoto wawili anayewalea peke yake, mkazi wa Philadelphia katika jimbo jirani la Pennsylvania. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo. Alikuwa amewahi kuporwa mara mbili, akaamua kununua bastola, kisha akaomba kibali cha kuibeba ikiwa imefichwa. Jimbo lake likampa kwa utaratibu wote wa kisheria.

Polisi wa New Jersey walimsimamisha kwa kosa dogo la kubadilisha njia vibaya. Bila kuulizwa, alimweleza askari kwamba ana bastola, na kwamba kibali anacho. Aliamini kwamba kusema kweli kutamlinda. Kumbe New Jersey haikitambui kibali cha Pennsylvania, wala cha jimbo lingine lolote. Alikamatwa papo hapo, akakaa mahabusu zaidi ya mwezi mmoja, na akafunguliwa mashtaka ambayo adhabu yake ya chini kabisa ilikuwa zaidi ya miaka mitatu gerezani. Hakuwa na rekodi ya uhalifu. Hakumtishia mtu.

Mwendesha mashtaka alikataa kwanza kumpa njia mbadala ya kifungo. Kelele zilipozidi, Septemba 2014 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa New Jersey ilitoa mwongozo wa kuwapunguzia makali watu wa namna yake, wenye vibali halali vya kwao walionaswa bila nia mbaya. Allen akaepuka jela. Aprili 2015, Gavana Chris Christie akampa msamaha kamili.

Kisa hiki kinawahusu moja kwa moja ndugu zetu. Waswahili wa Marekani si wachache tena. Wapo Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Wakenya wa Texas na Minnesota, Watanzania wa Ohio na Maryland, na wengi wao wanapata riziki kwa kuendesha malori yanayokatiza majimbo mengi kwa wiki moja. Baadhi yao wamenunua bastola kwa sababu zilezile za Allen: mtaa una wezi, kazi ni ya usiku, na duka la silaha liko karibu. Wanalofahamu ni sheria ya pale wanapoishi. Hatari yao inaanzia pale jimbo hilo linapoishia.

Jimbo ndilo linalotoa, na jimbo ndilo linalokataa

Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, jambo hili haliingii akilini haraka. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo ni chombo cha taifa. Tanzania ina sheria moja ya udhibiti wa silaha na risasi, ya mwaka 2015. Mwenye leseni Mombasa hajiulizi kama Kisumu wataitambua. Marekani haiko hivyo. Katiba yake, kupitia Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, inatamka haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha, lakini utaratibu wa kila siku wa nani abebe, wapi na kwa masharti gani umebaki mikononi mwa majimbo.

Matokeo yake ni tofauti kubwa kupita kiasi. Vermont haijawahi kumdai mtu kibali cha kubeba bastola. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29, Vermont ikiwemo, yalikuwa kwenye mkondo huo wa kumruhusu mtu mzima asiye na zuio la kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote. Texas iliingia mwaka 2021, Florida mwaka 2023. Upande wa pili, Illinois ilikuwa jimbo la mwisho kuruhusu watu kubeba bastola iliyofichwa, hata kwa kibali, na iliruhusu mwaka 2013 tu baada ya mahakama ya rufaa ya shirikisho kuilazimisha.

Katikati ya pande hizo mbili kuna mtandao wa makubaliano ya kutambuana. Kufikia mwaka 2024, Virginia ilikuwa inatambua vibali vya majimbo yote. Maryland, New Jersey na New York hazitambui hata kimoja. Michigan na Colorado zinakitambua kibali cha nje iwapo tu mwenye nacho ni mkazi wa jimbo lililokitoa. Hapo ndipo wanapokwama wengi waliochukua kibali cha Utah, jimbo linalowapa hata wasio wakazi wake. Orodha hizi hubadilika. Jimbo likirekebisha masharti yake ya mafunzo, jirani yake anaweza kuacha kulitambua, na msafiri aliyepita salama mwaka jana akanaswa mwaka huu.

Juni 23, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu nzito katika shauri linalofahamika kama Bruen. Majaji sita dhidi ya watatu waliibatilisha sheria ya New York, yenye mizizi ya mwaka 1911, iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ya kuhitaji bastola. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika hukumu hiyo, alisema haki ya kubeba silaha haikomi mlangoni mwa nyumba. Wengi walishangilia wakidhani mipaka ya majimbo imefutika. Haikufutika. Hukumu ile iliyakataza majimbo kuwanyima vibali raia wa kawaida kiholela, lakini haikulilazimisha jimbo moja kukubali kibali cha jingine. New York yenyewe ilitunga sheria mpya ndani ya siku chache, ikaorodhesha maeneo mengi ambako hata mwenye kibali chake haruhusiwi kubeba bastola, eneo la Times Square likiwa mojawapo.

Kutoka Portland hadi Philadelphia

Ili kuona jinsi mambo yanavyokuwa barabarani, tuchukue safari moja ya kufikirika, ila kila sheria iliyomo ni ya kweli. Ndugu yetu ni Mkongo anayeishi Portland, jimbo la Maine, mji ambao pamoja na jirani yake Lewiston umepokea familia nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Ana kadi ya kijani ya ukazi wa kudumu. Amealikwa harusini Philadelphia, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kuelekea kusini, karibu wote kwenye barabara kuu ya I-95. Kiunoni ana bastola yenye magazini ya risasi 15.

Anapoondoka Portland hana kosa lolote. Tangu Oktoba 2015 Maine haimdai mtu kibali, wala haijaweka kikomo cha risasi ndani ya magazini. Akivuka daraja la mto Piscataqua anaingia New Hampshire, ambayo nayo iliondoa sharti la kibali mwaka 2017. I-95 ndani ya New Hampshire ni kilomita 26 hivi tu. Chini ya nusu saa baadaye yupo Massachusetts, na hapo kila kitu kinageuka.

Massachusetts haitambui kibali cha Maine. Tangu sheria yake maarufu ya mwaka 1974, kubeba bastola nje ya nyumba bila leseni ya jimbo hilo ni kosa lenye kifungo cha lazima, ambacho leo hakipungui miezi 18. Magazini ya risasi 15 ni kosa jingine linalojitegemea, maana kikomo ni risasi 10. Kikomo hichohicho kinamfuata Rhode Island, Connecticut, New York na New Jersey. Yaani kuanzia mpaka wa Massachusetts hadi anapouona mto Delaware, magazini aliyoinunua dukani kwa halali imekuwa kielelezo cha mashtaka.

Akiingia New York kupitia Bronx, anakutana na sheria nyingine inayowaponza hata waangalifu. Huko bastola huhesabiwa kuwa imejazwa hata kama ni tupu, mradi mtu anazo wakati huohuo risasi zinazoweza kuingia ndani yake. Aliyeitoa magazini, akaiweka kwenye mfuko uleule wa bastola na kujiona ameshatimiza sheria, mbele ya mahakama ya New York ameshika bastola iliyojazwa. Adhabu ya chini ya kosa hilo ni kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Anavuka mto Hudson kwa daraja la George Washington na kuingia New Jersey, jimbo lililomkamata Allen. Hapa hata aina ya risasi ina kesi yake: risasi zenye tundu nchani, zinazouzwa kote Maine kama risasi za kawaida za kujilinda, zimewekewa vizuizi vikali. Mwisho anavuka daraja la Benjamin Franklin kutoka Camden na kufika Philadelphia, Pennsylvania. Akiteremka pale, swali linaanza upya: je, Pennsylvania inamruhusu kubeba? Jibu lipo katika orodha ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, naye alipaswa kuisoma kabla hajawasha gari Portland.

Katika siku moja, mtu yuleyule, mwenye bastola ileile, na asiye na nia ovu, amekuwa halali mara mbili na mhalifu mara tano.

Kinga ya mwaka 1986 na matobo yake

Ipo sheria ya shirikisho iliyokusudiwa kumlinda msafiri wa namna hii. Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 1986 na Rais Ronald Reagan akaitia saini Mei 19 mwaka huo. Inasema kwamba mtu anayetoka mahali anapomiliki na kubeba silaha kihalali, akielekea mahali pengine anapoweza kuimiliki na kuibeba kihalali, anaweza kupita nayo katika majimbo ya katikati hata kama majimbo hayo hayaruhusu.

Masharti yake yanataka umakini. Silaha isiwe na risasi ndani. Silaha na risasi zisiwe mahali dereva au abiria anapoweza kuzifikia. Kwa gari dogo maana yake ni buti. Gari lisilo na buti iliyotengwa, kama vile gari la familia la milango mitano au kichwa cha lori, silaha na risasi ziwekwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, na sanduku hilo lisiwe droo ya dashibodi wala kisanduku cha katikati ya viti. Bastola ya kiunoni, ya chini ya kiti au ya mfuko wa mlango haina ulinzi wowote. Na magazini hazikutajwa kwa jina katika sheria hiyo, jambo linalowapa waendesha mashtaka nafasi ya kubishana mahakamani.

Tobo kubwa zaidi ni la kupumzika njiani. Mwaka 2005 mkazi wa Utah, Gregg Revell, alikuwa akisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania akiwa na bastola aliyoifungasha na kuitangaza ipasavyo. Alipofika uwanja wa Newark, New Jersey, alikuwa ameikosa ndege ya kuunganisha safari. Mizigo ikachelewa, ikabidi aichukue na kulala hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena bastola yake, alikamatwa na kutupwa mahabusu kwa siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, naye akafungua madai. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimkatalia: usiku ule hotelini bastola ilikuwa mikononi mwake, hivyo kinga ya 1986 ilikuwa imemtoka. Majaji walisema mtu aliyekwama namna hiyo angeweza kuwaendea polisi au wahudumu wa uwanja kabla hajaupokea mzigo wake.

Hapa ndipo penye mtego kwa watu wetu. Sisi hatupiti mji alipo ndugu bila kugonga hodi. Safari ya Portland hadi Philadelphia kwa Mkongo au Mtanzania si ya moja kwa moja: atalala kwa binamu Boston, atapita kumjulia hali shangazi Newark, atakula chakula cha mchana kwa rafiki wa kambini aliyehamia Connecticut. Ni desturi njema, na ndiyo inayotufanya tuishi ugenini bila kuvunjika moyo. Lakini kinga ya mwaka 1986 ni ya mpita njia. Anayelala, akaingiza mkoba wa bastola sebuleni kwa shangazi, si mpita njia tena machoni pa mwendesha mashtaka wa Newark.

Isitoshe, kinga hiyo mara nyingi hufanya kazi baada ya pingu. Askari wa barabarani haendeshi kesi kando ya njia. Anakamata, na wewe unakwenda kuithibitisha haki yako mbele ya hakimu baada ya kulala ndani, kulipa wakili, na pengine kupoteza kazi. Ukishinda, siku zile za mahabusu hakuna anayekurudishia.

Askari anapogonga kioo

Majimbo hayakubaliani hata juu ya jambo dogo kama kusema. Michigan na North Carolina zinamtaka mwenye bastola amweleze askari mara anaposimamishwa. Ohio ilikuwa na sharti hilohilo hadi mwaka 2022, na sasa inamtaka ajibu akiulizwa. Katika jimbo moja kunyamaza ni kosa. Katika jingine, kama kisa cha Allen kilivyoonyesha, kusema ndiko kunakoanzisha kesi.

Kwa mtu mweusi hofu ina jina. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni la shule mwenye miaka 32, alisimamishwa na polisi akiwa na mwenzi wake na mtoto wa miaka minne kwenye gari. Alikuwa na kibali halali cha jimbo lake mwenyewe. Kwa sauti ya utulivu alimweleza askari kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye askari alimpiga risasi, akafa. Juni 2017 baraza la mahakama lilimwachia huru askari huyo. Wazazi wa Kisomali, Kikenya na Kikongo wa Minnesota wanakifahamu kisa hiki vizuri. Kibali hakikumsaidia hata mtu aliyekuwa ndani ya jimbo lake mwenyewe.

Mawakili huwaambia wateja wao mambo machache: mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwake, usiinamie droo wala usipeleke mkono kiunoni kutafuta pochi, ongea taratibu, usikubali wala usigome kwa jazba askari akitaka kupekua, bali sema waziwazi kwamba hutoi ridhaa. Ni ushauri mzuri. Ulio bora zaidi ni kutofika pale ukiwa na kitu cha kuelezea.

Msamaha usiomfikia mhamiaji

Allen aliokolewa na saini ya gavana. Mhamiaji asijipe matumaini ya namna hiyo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema asiye raia akipatikana na hatia ya kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, ya jimbo au ya shirikisho, anaweza kuondolewa nchini. Hakuna sharti kwamba awe ameumiza mtu. Hakuna kinga ya moja kwa moja kwa sababu amekaa miaka ishirini, ana nyumba ya mkopo, na watoto wake wamezaliwa huko. Msamaha wa gavana hufuta baadhi ya sababu za kumwondoa mtu nchini, lakini sababu ya silaha haimo kati ya hizo.

Kuna zaidi. Majimbo mengi huruhusu mtuhumiwa akiri kosa, awe chini ya uangalizi kwa muda, kisha kesi ifutwe kana kwamba haikuwepo. Kwa raia ni nafuu kubwa. Kwa mhamiaji, kukiri huko pamoja na adhabu yoyote iliyoambatana nako huhesabiwa kuwa hatia mbele ya jaji wa uhamiaji, hata kama jimbo limeshafuta faili. Anayeambiwa mahakamani kwamba akikiri atarudi nyumbani jioni anapaswa kwanza kuuliza ni nyumbani wapi.

Mahakama ya Juu ililigusa jambo hili mwaka 2010 katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky. Jose Padilla alizaliwa Honduras, akaishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, akapigana vita vya Vietnam chini ya bendera ya Marekani, na alikuwa dereva wa lori. Alikamatwa na bangi ndani ya lori lake. Wakili wake alimwambia asihofu kuhusu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu, naye akakiri kosa. Ushauri ule ulikuwa wa uongo. Majaji waliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kuondolewa nchini. Kila dereva wetu anapaswa kuidai haki hiyo kwa maneno mafupi tangu siku ya kwanza: mimi si raia, naomba wakili anayejua sheria za uhamiaji.

Wapo pia wasioruhusiwa kugusa silaha kabisa. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, matembezi au kazi ya kipindi, amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile leseni halali ya uwindaji. Tangu mwaka 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15. Mwanafunzi anayepelekwa na wenzake kwenye uwanja wa kulenga shabaha kwa ajili ya picha yuko hatarini. Anayesubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi naye asiikaribie bastola kabla hajazungumza na wakili.

Mahali ambako kibali hakisaidii

Hata ndani ya jimbo linalokutambua, zipo sehemu zilizo chini ya sheria ya shirikisho. Majengo ya serikali ya shirikisho yamo, zikiwemo ofisi za uhamiaji, hata kama umekwenda kuchukuliwa alama za vidole tu. Eneo la futi 1,000, kama mita 300, kuzunguka kila shule nalo limo, na hapa kuna kifungu wachache wanakijua: anayesamehewa ni mwenye kibali kilichotolewa na jimbo ilipo shule hiyo. Kibali cha jimbo jingine, hata kama kinatambuliwa, hakitoi msamaha huo. Msafiri wa aina hiyo salama yake ni silaha tupu ndani ya sanduku lenye kufuli.

Viwanja vya ndege vina utaratibu ulio wazi, lakini watu huusahau kila siku. Bastola husafiri kwenye mzigo wa chini, ikiwa tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa, na abiria huitangaza kwenye kaunta. Mwaka 2023 wakaguzi wa usalama walikamata silaha 6,737 kwenye mikoba ya abiria, idadi kubwa kuliko mwaka wowote kabla ya hapo, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Uwanja wa Atlanta peke yake ulikuwa na 451. Mwaka huo faini ingeweza kukaribia dola 15,000, mbali na kesi ya jinai ya jimbo husika.

Madereva wa malori huambiana kwamba serikali ya shirikisho imewakataza kubeba silaha. Hakuna katazo la jumla la namna hiyo. Yanayowabana ni majimbo wanayopita, kanuni za waajiri wao, na malango ya viwanda na bandari wanakoshusha mizigo. Dereva anayelala ndani ya lori siku nne mfululizo, kutoka Georgia hadi New Jersey, hana buti wala nyumba ya kuiacha bastola. Kwake yeye karibu kila usiku ni kama ule usiku wa Revell.

Bunge lifanye nini, nasi tufanye nini

Kwa miaka mingi wabunge wanaotetea haki ya silaha wamekuwa wakipigania sheria ya kuyalazimisha majimbo yote kutambuana. Desemba 6, 2017, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo kwa kura 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti. Mwaka 2025 Mbunge Richard Hudson wa North Carolina aliurudisha. Watetezi wake wanauliza kwa nini leseni ya gari inatambulika kote na kibali cha bastola hakitambuliki, ilhali haki ya silaha imeandikwa kwenye Katiba. Wanakumbusha pia kwamba tangu mwaka 2004 polisi, hata waliostaafu, wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kubeba silaha zao katika majimbo yote.

Wapinzani nao wana hoja isiyopuuzika. Jimbo linalodai mafunzo na uchunguzi wa kina litalazimishwa kumpokea mtu wa jimbo lisilodai lolote, kwenye treni za chini ya ardhi na viwanja vilivyojaa watu. Maine, jimbo lenye masharti mepesi, ilipoteza watu 18 Lewiston Oktoba 25, 2023 kwa mikono ya mtu mmoja. Wakazi wa New York na Boston wana haki ya kuamua wanataka mitaa yao iweje.

Nayaheshimu maamuzi ya majimbo hayo. Nisichoweza kukikubali ni kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu kwa mtu ambaye kosa lake lote ni kuvuka daraja akiwa na karatasi aliyopewa na serikali. Jimbo linaweza kuichukua bastola, likamtoza faini, likamrudisha alikotoka. Gereza na kufukuzwa nchini ni adhabu za mhalifu, na hakimu anapaswa kuachiwa uhuru wa kumtofautisha mhalifu na mgeni asiyejua. Bunge nalo linaweza, bila kumlazimisha mtu wa New York akubali lolote jingine, kuiziba sheria ya mwaka 1986: litamke wazi kwamba kulala njiani, kuharibikiwa gari na kuikosa ndege hakumwondolei msafiri kinga mradi silaha imefungiwa.

Mpaka siku hiyo ifike, mhamiaji asisafiri na bastola. Aifungie kwenye sefu nyumbani, aende harusini mikono mitupu. Ikiwa kuna ulazima wa kweli, kama kuhama jimbo, aandike orodha ya kila jimbo la njiani, asome tovuti ya polisi au Mwanasheria Mkuu wa kila moja, aifungashe silaha kama sheria ya 1986 inavyotaka, asiingie kwa ndugu kulala, na awe na namba ya wakili wa uhamiaji. Kuuliza si ujinga.

Viongozi wa jumuiya zetu wana wajibu pia. Makanisa, misikiti na vyama vya Wakongo, Wakenya na Watanzania huandaa semina kwa wageni kuhusu kodi, bima na shule za watoto. Silaha haimo kwenye ratiba kwa sababu wengi wanaona aibu kuizungumzia mbele ya wazee na akina mama. Iwekwe. Waletwe wakili wa jinai na wa uhamiaji, waeleze kwa Kiswahili, na vijana waruhusiwe kuuliza maswali yote bila kuhukumiwa. Waajiri wa madereva wafanye vivyo hivyo kabla ya kumkabidhi mtu funguo za lori la safari ndefu. Saa mbili za kuelezana ukweli zinaweza kumwokoa baba wa familia asirudishwe kwenye nchi aliyoikimbia akiwa mtoto.